Kuendesha kongamano kubwa la kitaaluma mtandaoni ukiwa Unguja au Pemba: mwongozo kamili

Kabla hujachagua programu, kabla hujamwandikia mgeni rasmi, mfikirie mtu mmoja. Ni mwanafunzi wa shahada ya pili aliyeko Micheweni, kaskazini mwa Pemba. Ana simu, ana bando la wiki, na ana makala aliyoihangaikia mwaka mzima. Umeme wa kwao unaweza kukatika Jumanne jioni na mtandao ukawa mzito mvua ikinyesha. Anataka kusikika mbele ya wataalamu walioandika vitabu anavyosoma.

Nimekuwa katibu wa kamati za makongamano ya Kiswahili, na mawili kati ya hayo yalifanyika mtandaoni mwanzo mpaka mwisho. Kila ninalolishauri hapa nimelipima kwa mtu huyo wa Micheweni. Utaratibu unaomfaa yeye utamfaa na profesa wa Bayreuth au Osaka. Ukianza kwa profesa, yule wa Micheweni atabaki anatazama duara linalozunguka kwenye kioo cha simu.

Mfano wangu ni kongamano la watu 300 na makala 96. Lako likiwa kubwa zaidi, hesabu zitabadilika lakini njia ni ile ile.

Hatua ya kwanza: tarehe, miezi minane kabla

Kongamano la ana kwa ana hupangwa kwa kuangalia ukumbi. La mtandaoni hupangwa kwa kuangalia kalenda za watu wote, na ya kwetu iwe ya kwanza. Epuka Ramadhani na siku za Idi, na ukumbuke kwamba Ramadhani husogea nyuma siku kama 11 kila mwaka, kwa hivyo tarehe iliyofaa mwaka jana huenda isifae mwaka huu. Ijumaa iachwe. Kipindi cha masika, Machi hadi Mei, mimi hukikwepa kwa sababu ya radi na umeme. Kwa kongamano la Kiswahili, wiki inayozunguka tarehe 7 Julai inavutia, kwa kuwa UNESCO iliitangaza siku hiyo mwaka 2021 kuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Lakini wiki hiyo wanazuoni wengi huitwa kwenye sherehe huku na kule. Wiki moja baadaye ni salama zaidi.

Ukipanga Machi, Oktoba au Novemba, kuna mtego. Ulaya hubadilisha saa zao Jumapili ya mwisho ya Machi na ya mwisho ya Oktoba. Marekani hubadilisha Jumapili ya pili ya Machi na ya kwanza ya Novemba. Sisi hatubadilishi kabisa. Katika wiki zilizo kati ya mabadiliko hayo tofauti ya saa huwa siyo ile uliyoizoea, na mzungumzaji wako atachelewa saa nzima bila kosa lake.

Hatua ya pili: saa

Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo tulipoumia.

Katika kongamano letu la kwanza ratiba iliandikwa kwa Kiswahili safi, na kwa mzungumzaji mmoja tukaandika "saa 8:00" tu. Sisi tulikusudia saa nane mchana. Yeye anafundisha Kiswahili ng'ambo na anakijua vizuri, lakini aliposoma tarakimu aliisoma kama saa yake inavyosoma. Akaingia saa mbili asubuhi ya kwetu, saa sita kabla ya wakati wake. Alisubiri, akaandika ujumbe usiojibiwa, akaenda kufundisha. Zamu yake ilipofika tukabaki tunamwita jina kwenye chumba kisicho na mtu. Niliona haya wiki nzima.

Kwa hivyo kila muda uandike mara mbili, bila kuchoka: saa 8:00 mchana, yaani 14:00 kwa saa za Afrika Mashariki, UTC+3 (saa tatu mbele ya saa ya kimataifa, UTC). Usiandike saa bila neno la asubuhi, mchana, jioni au usiku. Kila mwasilishaji apelekewe na faili la kalenda ambalo akilifungua linajigeuza lenyewe kufuata saa za kwao. Siku moja kabla, mtumie ujumbe unaomwambia muda wake kwa saa za mji wake, kisha usubiri akujibu.

Sasa panga madirisha ya siku. Chukua Julai. Saa 3:00 asubuhi ya Zanzibar, Osaka ni saa 9 alasiri, Beijing saa 8 mchana, Berlin saa 2 asubuhi, na New York saa 8 usiku wa manane. Dirisha hili ni la Asia na Ulaya. Saa 10:30 jioni ya kwetu, London ni saa 8:30 mchana, New York saa 3:30 asubuhi, Chicago saa 2:30 asubuhi, na Osaka saa 4:30 usiku. Hapo karibu kila mtu yuko macho. Saa 2:00 usiku ya kwetu, New York ni saa 7 mchana, Los Angeles saa 4 asubuhi, na Berlin saa 1 jioni.

Nimeanza jioni saa 10:30 kwa makusudi, maana Alasiri imeshaswaliwa. Kipindi kikimalizika saa 11:30 kinaacha nafasi kabla ya Magharibi, na saa 2:00 usiku Isha nayo imeshapita. Ratiba inayokatiza swala huwafanya watu wazime simu kimya kimya, na wewe utadhani mada imewachosha.

Sasa hesabu. Makala 96, nne kwa kila kipindi, ni vipindi 24. Vyumba vitatu vikienda sambamba, unapata zamu nane. Zamu mbili kwa siku, asubuhi na jioni, ni siku nne: Jumatatu hadi Alhamisi. Mhadhara mkuu uwe saa 2:00 usiku. Usijaribu kuwakalisha watu mbele ya kioo saa nane mfululizo kama walio ukumbini. Kwa mtandao, saa tatu kwa siku zinatosha.

Hatua ya tatu: wito wa makala, miezi sita kabla

Hatua hii haitofautiani sana na ya kongamano la kawaida, kwa hivyo nitapita haraka. Ikisiri, yaani muhtasari wa makala, ya maneno 250, wapitiaji wawili kwa kila moja, jina la mwandishi lifichwe. Kwa ikisiri mia na kitu fomu ya Google na jedwali vinatosha. Zikifika mamia, tumia mfumo wa kupokea na kupitia makala kama EasyChair.

Ongeza maswali matatu ambayo wito wa kawaida hauna. Utakuwa mji gani siku za kongamano? Utatumia kompyuta au simu? Una umeme na intaneti ya kutegemewa, au tukusaidie? Majibu ya swali la tatu ndiyo orodha yako ya watu wa kushikwa mkono.

Majibu ya ikisiri yatoke miezi minne kabla. Mwaliko ueleze wazi kwamba kila mwasilishaji atatoa rekodi.

Hatua ya nne: rekodi kwanza, mjadala baadaye

Ukichukua jambo moja tu katika mwongozo huu, chukua hili.

Kongamano la ICLR, la watafiti wa ujifunzaji wa mashine, lilikuwa lifanyike Addis Ababa Aprili 2020, mara yake ya kwanza barani Afrika. Matumaini yalikuwa makubwa, kwa sababu watafiti wengi wa Kiafrika walikuwa wakinyimwa viza za kwenda kwenye mikutano ya aina hiyo Kanada na kwengineko. Corona ikaingia, na waandaaji wakalihamishia lote mtandaoni kwa muda mfupi sana. Makala zilikuwa zaidi ya 600 na washiriki zaidi ya 5,000. Walilimudu kwa kutenganisha mambo mawili: kila makala ikawa na video fupi iliyorekodiwa mapema, na waandishi wakapewa nyakati mbili tofauti za kujibu maswali, ili wa Asia na wa Marekani wote wapate nafasi. Huhitaji ukubwa wao, ila mpango huo unafaa kuigwa.

Sisi tulifanya hivi. Kila mwasilishaji alileta rekodi ya dakika 10, wiki tatu kabla. Tukaziweka zote kwenye ukurasa mmoja, washiriki wakaziangalia kwa wakati wao, usiku bando likiwa rahisi. Kipindi cha saa moja kikawa cha mazungumzo: kila mwasilishaji anakumbusha hoja yake kwa dakika tatu, wanne wanamaliza dakika 12, mwenyekiti ana dakika tatu za kufungua na kufunga, na dakika 45 zilizobaki ni za maswali. Sijawahi kuona mijadala mizuri kama ile katika ukumbi wowote, kwa sababu watu walikuja wamekwisha kusikiliza.

Masharti ya rekodi yawe mepesi. Faili la MP4 la ubora wa 720 linatosha. Asiye na kompyuta arekodi sauti kwa simu, chumbani, feni imezimwa, kisha atume sauti na slaidi zake za PDF, na kijana mmoja wa kamati aviunganishe. Karibu robo ya rekodi zetu zilitengenezwa hivyo na hakuna aliyetambua. Anayetuma kwa WhatsApp aitume kama hati, kwani ikitumwa kama video ya kawaida inabanwa na maandishi ya slaidi hayasomeki.

Yule wa Micheweni? Jioni ya zamu yake mtandao ulimkatikia. Mwenyekiti akasema, "Rekodi yake mmeiona, tuanze na maswali yake." Mtu wa mitambo akampigia simu ya kawaida, akaiweka karibu na kipaza sauti cha kompyuta, na kijana akajibu maswali sita kwa sauti isiyotetereka.

Hatua ya tano: programu na vyumba

Zoom inajulikana na wengi, na hilo pekee ni sababu ya kutosha. Toleo la bure hukata mkutano baada ya dakika 40 na halipokei zaidi ya watu 100, kwa hivyo lazima ulipie leseni inayobeba idadi yako. Uliza chuo kwanza, mara nyingi leseni ipo na haitumiki. Taasisi yenye fundi mzuri wa seva inaweza kutumia BigBlueButton, ambayo haina ada ya leseni, lakini usiijaribu kwa mara ya kwanza siku ya ufunguzi.

Chumba cha ufunguzi na mihadhara mikuu kiwe cha aina ambayo wanaosikiliza hawawezi kufungua maiki wenyewe. Vyumba vya vipindi viwe vya kawaida, watu waonane. Kila chumba kiwe na kiungo kimoja kwa siku zote nne. Tuliwahi kutengeneza kiungo kipya kwa kila kipindi, na ujumbe wa "nimepotea" ulijaa hadi usiku.

Matangazo ya mubashara ya mihadhara yapitishwe pia YouTube. Mwenye bando dogo atashusha ubora wa picha hadi wa chini kabisa na bado atasikia kila neno. Akaunti mpya ya YouTube husubiri hadi saa 24 baada ya kuthibitishwa kabla haijaruhusiwa kurusha mubashara, kwa hivyo ifungue mapema.

Kuhusu usalama: usitangaze kiungo hadharani. Mtu ajisajili, apelekewe kiungo kwa baruapepe, apite chumba cha kusubiri. Kushirikisha skrini na kuchorachora juu yake kuwe kwa wenyeji tu, yaani wanaoendesha chumba. Mwaka 2020 wahuni waliingilia mikutano dunia nzima kwa sababu milango hiyo iliachwa wazi.

Na picha. Katika fomu ya usajili uliza kama mtu anakubali kurekodiwa. Kwetu wako kina mama na wanafunzi wa kike wasiopenda sura zao zibaki mtandaoni, na wako wanaume vilevile. Kamera isiwe sharti. Mtu azungumze picha ikiwa imezimwa na apewe heshima ile ile. Mwenyekiti anayesema "tafadhali fungua kamera tukuone" anakosea.

Hatua ya sita: umeme na mtandao wa wenyeji

Wazanzibari wa umri wangu wanaikumbuka Mei na Juni 2008, na tena Desemba 2009 hadi Machi 2010, Unguja ilipokaa gizani kwa sababu ya waya mmoja wa chini ya bahari unaotoka Bara. Na tarehe 12 Mei 2024 intaneti ya Tanzania na nchi jirani ilizorota baada ya nyaya za mawasiliano kukatika baharini kusini mwa Afrika. Mambo hayo hayaji kila mwezi. Kukatika kwa nusu saa ndiko kunakoua vipindi.

Wenyeji wa chumba kimoja wasikae nyumba moja. Chumba kinachoongozwa kutoka Tunguu kiwe na mwenyeji msaidizi Chake Chake na wa tatu nje ya visiwa, Dar es Salaam, Nairobi au popote, mwenye mamlaka kamili ya kuendesha kipindi. Waya wa Unguja ukikatika, wa Pemba unatoka Tanga. Hata mwenyeji mkuu akipotea, kipindi hakisimami. Tulipofanya hivyo tulikatikiwa mara tatu na washiriki hawakujua.

Kila mwenyeji awe na kompyuta mpakato iliyojaa chaji, betri inayolisha ruta, na simu yenye laini ya mtandao mwengine tofauti na ule wa ruta. Rekodi zote za siku hiyo ziwe ndani ya kompyuta yenyewe, zisisubiri kuvutwa kutoka mtandaoni.

Wawasilishaji walioomba msaada tuliwanunulia bando. Lirushwe asubuhi ya siku yenyewe, likienda wiki moja kabla litaishia kwengine, na hilo si la kumlaumu mtu. Ada ya usajili ya walioko nje ilitosha kulipia bando zote za wanafunzi wetu. Wanafunzi wa Afrika Mashariki hawakulipa kitu.

Wakikusanyika watu kadhaa katika maabara moja ya kompyuta ya skuli, iwe wazi maiki moja na spika moja. Zikifunguliwa mbili zinaitikiana na mlio wake unatoboa masikio ya dunia nzima.

Hatua ya saba: watu wanne kwa kila chumba

Kila kipindi kinahitaji mwenyekiti anayeongoza mazungumzo na hagusi mitambo, mtu wa mitambo anayepokea watu na kurusha slaidi, msoma maswali anayeyakusanya yanayoandikwa pembeni na kuyasoma kwa sauti, na mshika saa. Mwenyekiti asiachiwe kazi mbili. Tuliwahi kumpa profesa mzima kazi ya kuruhusu watu waingie huku akimtambulisha mzungumzaji, na alihangaika mbele za watu kwa sababu yetu.

Msoma maswali ndiye mtetezi wa wenye mtandao dhaifu. Asiyeweza kuzungumza ataandika, na swali lake lisomwe kwa jina na mahali: "Swali kutoka kwa Bi Fulani wa Wete." Mwagize mwenyekiti achukue swali moja la maandishi kwa kila moja la sauti.

Mazoezi yafanyike wiki moja kabla, kila chumba, kwa saa ile ile kitakayotumika, kwani mtandao wa saa 2 usiku siyo ule wa asubuhi. Mwasilishaji afungue maiki, aonyeshe slaidi moja, aondoke. Dakika tano kwa mtu. Mgeni rasmi naye afanyishwe mazoezi, au angalau msaidizi wake. Hotuba yake irekodiwe kama akiba, kwani viongozi huitwa ghafla.

Kundi la WhatsApp la matangazo liwe la upande mmoja, viongozi tu waandike. Kundi la kamati liwe jengine. Kwenye kundi la kamati tulikubaliana neno moja, "giza", kwa maana ya "nimekatikiwa, nishikie". Akiliandika mtu, msaidizi anachukua chumba bila kuuliza.

Hatua ya nane: baraza

Watu hawasafiri kwenda kwenye kongamano kwa ajili ya mawasilisho peke yake. Husafiri kwa yale mazungumzo ya mlangoni, kahawa mkononi, mtu anapokwambia, "Hiyo data yako ya Kimakunduchi, ninayo mimi rekodi zake." Makongamano mengi ya mtandaoni hulisahau hili, na washiriki huondoka wapweke kama walivyoingia.

Sisi tuna baraza. Kila usiku baada ya mhadhara mkuu tulifungua vyumba vidogo vya watu sita, na kila kimoja kilikuwa na mwenyeji aliyetajwa kwa jina kwenye ratiba pamoja na mada yake: lahaja za Pemba, tungo za zamani, ufundishaji kwa wageni, tafsiri. Mwenyeji alianza na swali jepesi: neno gani la kwenu ambalo watu wa mjini hawalijui? Dakika tano tu, vicheko vikatanda. Chumba kisicho na mwenyeji hukaa kimya na watu hutoka mmoja mmoja, kwa hivyo usiwagawe watu ovyo na kuwaacha. Kisizidi watu sita, na kisirekodiwe.

Katika baraza la lahaja, mwanafunzi wetu wa Micheweni alikutana na mwalimu wa ng'ambo aliyekuwa akitafuta mtu wa kunukuu masimulizi kaskazini mwa Pemba. Hadi leo wanaandikiana.

Hatua ya tisa: baada ya siku ya mwisho

Vyeti vitoke ndani ya wiki moja. Waalimu wanavihitaji kwa ajili ya kupandishwa vyeo, na cheti kinachochelewa miezi mitatu kinamharibia mtu. Orodha ya waliohudhuria ipakue kila siku kipindi kinapoisha.

Rekodi za mijadala zipitiwe, aliyekataa kurekodiwa aondolewe, kisha slaidi na video zilizoruhusiwa ziwekwe mahali patakapodumu. Zenodo, hazina ya mtandaoni inayoendeshwa na CERN, kituo cha Ulaya cha utafiti wa fizikia, huhifadhi bure na kuipa kila kazi namba ya DOI, yaani kitambulisho cha kudumu cha kunukulia, ili mwanafunzi anukuliwe sawasawa na profesa. Kitabu cha makala kifuate, na mhariri apewe tarehe.

Halafu zile video zipunguze ukubwa, uzinakili kwenye flashi kadhaa pamoja na PDF zote, uandike kikaratasi cha yaliyomo. Moja ibaki maktaba ya chuo Unguja. Nyengine mpe mtu unayemwamini anayepanda boti ya asubuhi kwenda Mkoani, azifikishe maktaba za Chake Chake, Wete na Micheweni, wakazitazame hata wasio na bando.